UKURASA WA MWALIMU: Gari Ndogo, Mzigo wa Wengi

Mwezi huu sina hadithi ya kitabu. Nina swali. Akina mama wa kikundi cha samaki, wale wanaonunua kule Chisenga na kuuza hapa kambini Mantapala, walikuja darasani baada ya masomo. Wote sita wakaketi kwenye benchi za watoto.

"Mwalimu, kuna mutu anauzisha gari ndogo ya zamani. Makuta yetu iko karibu kuenea. Tununue, ao tungoje hizi za umeme zinazosemwa?"

Nikaomba juma moja ya kufikiri. Jibu langu ni hili.

Shida yenyewe tunaijua. Samaki na chisense vinakauka juani Chisenga, vinavuka kwa mtumbwi mpaka Kashikishi, halafu hapo kilio kinaanza. Mwenye gari ndiye anapanga bei. Gari isipokuja na mvua ikanyesha, samaki inashika maji, faida imekwisha. Na kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa. Gari ikilala, tumbo la watoto halilali.

Gari wanayotaka ni ya aina ya Suzuki Carry, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita Kirikuu. Zinatoka Japani zikiwa zimetumika. Kule kwao sheria inasema injini isipite sisi 660, urefu usipite mita 3.40, na mzigo usipite kilo 350. Kilo 350 ni magunia 7 ya kilo 50. Usukani uko kulia, sawa na barabara za Zambia. Ni gari nzuri, sikatai. Gari mpya ya bei ya chini pia ziko: mwezi wa Novemba 2023 Toyota walianza kuuza Hilux Champ kule Thailand, kuanzia baht 459,000, karibu dola 13,000. Kwa kampuni hiyo ni bei ndogo. Kwa akina mama wanaoweka kwacha kumi kumi, ni mlima.

Lakini bei ya kununua ni mlango tu, nyumba iko ndani. Papa yangu, tulipokuwa Pweto kabla ya kukimbia, alinunua pikapu ya zamani pamoja na ndugu yake. Mwezi wa tatu gia ikavunjika. Spea haikupatikana. Samaki ya watu ikaoza njiani, na wenyewe walitaka makuta yao. Papa alilipa lile deni kwa miaka miwili, na mimi nilikaa nyumbani bila masomo mwaka mzima. Ndiyo sababu nikisikia "gari, bei si mbaya", moyo wangu unaruka.

Sasa, za umeme. Si ndoto. Kule Wedza, Zimbabwe, tangu 2019 shirika la Mobility for Africa linawapa wanawake wa vijijini pikipiki za magurudumu matatu za umeme zinazoitwa Hamba. Wanawake wanakodi kwa kikundi, betri zinachajiwa kwa jua. Betri ikiisha wanabadilisha, wanaendelea. Rwanda nako, mwaka 2021, OX Delivers walianza kazi na malori ya umeme. Mkulima hakununua lori. Alinunua nafasi ndani ya lori, akalipa kufuatana na mzigo wake. Ethiopia yenyewe ilikataza mwaka 2024 kuingiza magari ya petroli, sababu mafuta yanakula dola za nchi.

Ubaya wake? Umeme wenyewe. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba, na Zambia nzima ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Bila paneli zako mwenyewe, gari ya umeme ni kitanda tu. Na betri ikizeeka, bei yake inatisha. Wengine wananiuliza: si kobalti inatoka kwetu, Kolwezi? Ndiyo, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo. Mwezi wa Aprili 2022 Congo na Zambia ziliweka sahihi ya kutengeneza betri pamoja. Lakini betri nyingi za bei ndogo siku hizi hazitumii kobalti. Basi tusikae tukingoja udongo utulipe.

Niliwajibu hivi: Msinunue sasa. Kodini gari moja, wote pamoja, siku moja ya juma. Andikeni katika daftari miezi mitatu: mzigo, malipo, hasara. Ulizeni pia: dereva mwenye leseni ni nani? Na kibali cha kutoka kambini kikichelewa, gari itafanya nini?

Mama mkubwa wa kikundi akanitazama. "Mwalimu, wewe unangoja daftari. Sisi mvua inatungoja."

Nikanyamaza. Alikuwa na haki. Tulizungumza mpaka giza. Mwisho wakapatana: wanunue turubai mbili nzuri za kufunika samaki, wakodi gari pamoja, na makuta inayobaki isiguswe mpaka daftari lijae. Mmoja hakukubali, anasema gari ile itanunuliwa na mwingine. Inawezekana. Tutaona, na nitawaandikia ukweli hata kama nilikosea.

ZOEZI LA NYUMBANI (watoto, fanyeni na wazazi): Gari inabeba kilo 350. Kikundi kina magunia 18 ya kilo 50. Gari itaenda mara ngapi? Na safari ya mwisho itabakiwa na nafasi ya magunia mangapi? Msikimbilie jibu, gari nusu tupu inakula mafuta sawa na iliyojaa, ao karibu.

Tukutane mwezi ujao. Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.