BWANA SHAMBA ANASEMA: Mtambue Chozi kwa Mdomo Wake



Mtama na uwele vikianza kuiva, kila nyumba hutoa mtu wa kuamia ndege. Mara nyingi ni watoto. Wanapewa manati, wanaambiwa walinde shamba. Kazi hiyo ni ya lazima. Kundi la kwelea kwelea likishuka shambani, jasho la mkulima limekwenda.

Lakini mtoto akirudi nyumbani anarudi na manati yake. Anamwona ndege mdogo kwenye maua karibu na jiko. Anampiga. Ndege huyo ni chozi, naye hajala hata punje moja ya mtama wetu.

Mtazameni mdomo. Mdomo wa kwelea kwelea ni mfupi na mnene. Ni mdomo wa kuvunja mbegu. Mdomo wa chozi ni mrefu, mwembamba, umepinda kama mundu. Mdomo kama huo hauwezi kuvunja mtama. Kazi yake ni kuingia ndani ya ua. Ulimi wake nao ni mrefu, kama mrija, na kwa huo anakunywa maji matamu ya maua.

Chozi wako wa aina nyingi. Wengi wana uzito wa gramu 6 hadi 15. Kilo moja ya sukari ina gramu 1000. Basi chozi 100 wa gramu 10 kila mmoja ndio wangelingana na kilo moja ya sukari. Anayempika hapati hata tonge.

Dume wa aina nyingi hung'aa kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Yuko mmoja mweusi mwenye kifua chekundu sana, ambaye hukaa karibu na nyumba zetu. Jike hana mapambo. Yeye ni wa rangi ya udongo au kijivu, na watu wengi hudhani ni ndege wa aina nyingine.

Nimewasikia wakulima wakisema kwamba chozi anaharibu ndizi, kwa sababu huonekana akiingiza mdomo kwenye ua la mgomba. Si kweli. Migomba yetu ya chakula huzaa bila kuhitaji unga wa maua. Ndizi za juu zimekwisha kushika wakati yeye anakunywa kule chini. Anachochukua ni maji matamu ya ua ambalo litaanguka lenyewe.

Je, ana faida gani? Nisiwadanganye: hayaongezi mahindi yetu, maana mahindi hupata unga wake kwa upepo. Alizeti hutegemea zaidi nyuki. Faida ya chozi iko hapo hapo nyumbani. Anakula wadudu wadogo na buibui. Anapokuwa na watoto hukamata wadudu zaidi, kwa sababu watoto hawawezi kukua kwa maji matamu tu. Tena huchukua unga wa maua kichwani na kuupeleka kwenye ua jingine. Yako maua ya miti na ya porini yanayomtegemea sana.

Katika nchi za Amerika hakuna chozi. Huko yuko ndege mwingine mdogo, mvumaji. Si ndugu wa chozi, ila chakula chao kinafanana. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakivuma kama nyuki, na anaweza hata kuruka kinyumenyume. Watu wengi wa Marekani humtundikia chupa ya maji ya sukari: kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji. Maji hayo lazima yabadilishwe kila baada ya siku chache, na wakati wa joto mapema zaidi. Yakikaa huchacha na kuota ukungu, na ndege hudhurika.

Sisi sukari yetu ni ya chai. Tukiitundika uani tutalisha sisimizi. Mlisheni chozi kwa kupanda.

Pandeni mishubiri kando ya ua. Machipukizi yake hung'olewa na kupandwa bila shida, na aina nyingi hutoa maua wakati wa kiangazi, chakula kinapokuwa haba. Pandeni mti wa mbaamwezi, ambao pengine huitwa mwambangoma. Kata tawi nene, lichimbie mwanzoni mwa mvua, litashika. Lakini mbegu zake nyekundu zina sumu. Watoto wasizitafune. Yako pia magugu marefu yenye maua ya rangi ya chungwa, yaliyojikusanya kama mipira kuzunguka shina. Shambani yang'oeni. Nyuma ya choo yaacheni machache.

Chozi hupenda kutua anapokunywa, kwa hiyo msikate vijiti vyote vilivyo karibu na maua. Hupenda pia kuoga kwenye majani yenye maji. Mama akimwagia mchicha asubuhi, chozi huja.

Msinyunyize dawa ya wadudu kwenye maua yaliyochanua. Wadudu wenye sumu ndio watakaopelekewa watoto kule kwenye kiota.

Kiota chenyewe hakina sura. Kinaning'inia kwenye tawi, kwenye waya, au chini ya paa la baraza. Kimefumwa kwa nyasi na majani makavu na kufungwa kwa utando wa buibui. Anayefagia hukiona kama takataka na kukiangusha. Kabla ya kuangusha, tazama ubavuni. Ukiona tundu dogo, kiache. Mara nyingi mna mayai 2. Jike huatamia kwa muda wa wiki 2 hivi, na watoto hukaa humo kama wiki 2 au zaidi kidogo.

Wengine huogopa wakimwona chozi akigonga kioo cha dirisha au cha pikipiki asubuhi nzima. Wanasema ametumwa. Hakuna aliyemtuma. Dume ana wivu. Anaona sura yake kiooni, anadhani ni dume mwingine ameingia kwenye maua yake, anapigana naye. Funika kioo kwa kitambaa, ataacha.

Neno moja dhidi yake. Mimea ile inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya, chozi huyatembelea maua yake pia na kuyasaidia kuzaa. Ukiiona kwenye mlimau wako, likate tawi lile chini ya mahali iliposhika, kabla haijatoa matunda. Dawa ni panga, si manati.