Meseji ya Malipo Si Hati ya Shamba

Kuna ploti inauzwa karibu na soko la Kanyangi. Broka anasema wateja ni wengi, na muuzaji amekubali ulipe pole pole: depoziti ya elfu 60 leo, kinachobaki utume kila mwezi kwa simu. Wewe una elfu 40. Simu inakwambia unaweza kukopa hiyo elfu 20 sasa hivi.

Sisi hupata ada kila unapotuma pesa. Hata hivyo tunakushauri: usitume bado.

Kulipa pole pole si vibaya. Wengi wetu hatutawahi kushika laki 3 mkononi siku moja. Shida ni kwamba pesa inaondoka kwa dakika moja, na shamba linakuja baada ya miezi. Hapo katikati ulicho nacho ni meseji tu. Meseji inaonyesha ulimtumia nani na kiasi gani. Haionyeshi ulinunua nini, wala kama huyo mtu alikuwa na haki ya kuuza.

Kwa hivyo anza na jina. Mashamba mengi vijijini bado yako kwa jina la babu aliyefariki. Mjukuu anaweza kukuonyesha mipaka yote, lakini kabla mahakama haijathibitisha mirathi, hana cha kukuuzia. Chukua namba ya hati, ufanye sachi katika ofisi ya ardhi. Kama hakuna hati kabisa, jua unanunua kwa neno la wazee na majirani, na hatari hiyo ionekane kwenye bei.

Pili, landi bodi. Shamba la kilimo likiuzwa au kugawanywa bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, sheria inasema mauzo hayo ni batili. Unabaki kudai pesa zako kama deni. Ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Ukipanga kulipa miaka 2 na hujaenda bodi, muda unakwisha wewe ukiendelea kutuma.

Tatu, ule mkopo. Mkopo wa simu unadaiwa baada ya wiki chache, na ploti tupu haitazaa kitu ndani ya wiki hizo. Kama pesa yako hutoka kwa ndengu, mvua ni ya Oktoba hadi Desemba na mauzo ni baada ya mavuno. Panga malipo yafuate msimu wako. Mkopo wa chama au Sacco wa mwaka mzima unaweza kufaa zaidi. Usisahau pia ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi iliyo nje ya miji.

Tungefanya hivi: kiasi kidogo baada ya sachi na mkataba wa maandishi, kingine bodi ikiidhinisha, na sehemu kubwa hati ikihamishwa. Mke au mume wa muuzaji naye akubali kwa maandishi. Depoziti isizidi kile unachoweza kupoteza na watoto bado waende shule.

Muuzaji akikataa mpango huo, mwachie hao wateja wengi wa broka. Elfu 40 yako bado iko kwa simu.