Nani Mlinzi wa Pwani?

Wasomaji wetu walio wakulima wajua ya kuwa maji yapitayo shambani huweza kuchukua udongo, na huweza pia kuuleta. Jambo hilo ndilo chanzo cha taabu ya Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, mahali ambapo mto Mississippi huingia baharini.

Zamani mto huo ulifurika mara kwa mara, na tope lake likajenga nchi. Baada ya gharika ya mwaka 1927 matuta makubwa zaidi yalijengwa kandokando yake. Watu wakalala salama, lakini tope likapita moja kwa moja mpaka kilindini. Tena makampuni ya mafuta yakachimba mifereji katika vinamasi, maji ya chumvi yakaingia na kuua majani. Tangu mwaka 1932 nchi iliyomezwa na bahari yakaribia maili 2,000 za mraba.

Na walinzi? Walikuwa wengi mno! Idara moja ya jimbo ilitunza vinamasi, nyingine ilisimamia matuta, na kila wilaya ya matuta ilikuwa na baraza lake. Kila mmoja alishika lake, kumbe kinamasi ndicho kipunguzacho nguvu za mawimbi kabla hayajafika kwenye tuta. Agosti 2005 ikaja tufani ya Katrina. Kuta zilibomoka, sehemu nne katika tano za mji wa New Orleans zikafunikwa na maji, na watu zaidi ya 1,000 wakafa.

Mwaka ule ule bunge la jimbo liliunda mamlaka moja ya kulinda pwani na kuirudishia uhai. Mwaka 2006 wapiga kura walikubali mabaraza ya matuta ya New Orleans na jirani zake yaunganishwe yawe mawili. Mpango mkuu wa kwanza ulitolewa mwaka 2007.

Pengine karani atadhani kwamba idara zikiisha kuunganishwa shauri limekwisha. Sivyo. Mamlaka iliazimu kufungua tuta la mto katika wilaya ya Plaquemines, ili tope lirudi vinamasini. Kazi ilianza mwaka 2023, kwa gharama ya karibu dola bilioni 3, na ilihesabiwa kuwa ingejenga zaidi ya maili 20 za mraba katika miaka 50. Lakini maji matamu huua chaza. Wavuvi walilalamika, na fidia waliyoahidiwa haikuwatuliza. Gavana mpya aliingia mwaka 2024, akawa upande wao. Julai 2025 mamlaka ile ile ikaufuta mradi, zaidi ya dola milioni 500 zikiwa zimekwisha kutumika.

Kwa maoni yetu kuunganisha kazi kulikuwa jambo la busara. Ila msimamizi wa mamlaka huwekwa na gavana, naye gavana huchaguliwa kwa miaka minne, hali tope huhitaji hamsini.

Baada ya kuufuta, jimbo lilisema litafuata njia ndogo zaidi, pamoja na kuvuta tope kwa pampu na mabomba. Wenye chaza walifurahi. Walioutetea mradi walibaki wakiuliza ni nani atakayejenga kinamasi mbele ya matuta yao.