Habaswein: Sanaa Kando ya Mto Usiofika

Msomaji mpenzi, juma hili safari yetu ni ya mbali kidogo. Funga kamba za viatu, chukua kofia na chupa ya maji, maana tunatembea Habaswein, katika Wajir Kusini, kaskazini mashariki ya Kenya.

Najua utauliza kuna nini huko cha kutembelewa. Umezoea kusikia kwamba mtaa wa sanaa ni kama ule wa London kando ya mto Thames, ambako kiwanda cha zamani cha umeme kilifunguliwa mwaka 2000 kuwa jumba la sanaa la Tate Modern, na wageni huongozwa kutoka ukumbi hadi ukumbi. Habaswein haina majumba ya namna hiyo. Hata jina lake ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi jingi. Lakini mto upo, mafundi wapo, na wa kukutembeza hakosekani. Kinachopungua ni kazi yenyewe, ndiyo maana nakuhimiza usichelewe.

Tuanze na mto. Ewaso Nyiro unapata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, unapita Archer's Post na Merti, kisha unajitandaza katika kinamasi cha Lorian, jirani na Habaswein. Mmarekani William Astor Chanler aliufuata katika safari yake ya miaka ya 1892 hadi 1894, akitumaini kukuta ziwa kubwa. Alikuta matope na matete. Leo hata hayo matope ni bahati. Mashamba ya huko juu hunyonya maji, ukame nao humaliza yanayobaki, na mara nyingi mto hukauka kabla ya kufika. Ukija kwa nguvu, huja na balaa la mafuriko, kama wakati wa mvua za El Niño za 1997 na zile za 2023. Maji ya kila siku huvutwa kwa pampu kutoka chini ya ardhi, katika hazina kubwa iitwayo kwa jina la Merti.

Kumbuka jambo hilo unapotembea, kwa sababu hapa sanaa hufuata maji. Maji hufuatwa na ngamia, ngamia hufuatwa na watu, na kila chombo utakachokiona kimetengenezwa ili kiweze kuhama.

Mwombe mwalimu au mzee wa mtaa akupatie mwenyeji wa kukuongoza, nanyi mtoke asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Kituo cha kwanza ni soko la mifugo. Usitazame ngamia tu, sikiliza shingo zao. Kengele ya mbao wanayovalishwa huitwa koor. Huchongwa kutoka gogo moja, ikatobolewa ndani na kutiwa vijiti vya kugonga. Mchungaji huijua sauti ya kengele yake hata gizani, kama wewe unavyoujua mlango wa kwenu.

Kutoka hapo nenda kwa akina mama wauzao maziwa. Ukibahatika, miongoni mwa mitungi ya plastiki utaona dhiil, chombo cha maziwa kilichofumwa kwa nyuzi za mimea, kikakazwa hata kisivuje tone. Mwulize mwenyewe jinsi kinavyosafishwa. Atakueleza kwamba huchukua makaa ya miti fulani, akakifukiza kwa ndani, na moshi huo huyafanya maziwa yakae muda mrefu bila kuharibika, tena yawe na harufu nzuri. Sasa ujiulize: mtungi wa plastiki utaufukizaje? Utayeyuka. Mtungi ni mwepesi, bei yake ni ndogo na hupatikana kila duka, wala siwalaumu wanaoununua. Lakini ukichukua nafasi ya dhiil, haukiondoi chombo peke yake. Unaondoka pia na elimu ya miti, moshi na maziwa, na hakuna darasa linaloifundisha.

Kituo cha tatu ni nyumba. Aqal ya Kisomali ni kuba la miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka minene, na fundi wake ni mwanamke. Mikeka mingine hufumwa kwa nyuzi za magome ya migunga, kazi ya miezi, na wanawake hukusanyika kusaidiana. Siku ya kuhama nyumba hubomolewa, ikapangwa juu ya ngamia: mikeka inakuwa matandiko na miti inakuwa chanja ya kubebea mzigo. Msanifu wa mjini hujisifu kwa jengo lisilosogea. Huyu mama yake husogea, na hakuna kipande kinachotupwa. Ila siku hizi maturubai na mabati yamechukua nafasi ya mikeka mingi, hasa kwa familia zilizopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2022 zikahamia karibu na mji. Asiyehama hahitaji nyumba ya kuhama, na binti yake hajifunzi kufuma.

Malizia kisimani. Wasomali wana sifa ya ushairi. Wanaume huvuta maji kwa wimbo, mikono ikifuata mapigo, na ngamia huuzoea wimbo wa kunywea maji. Wanawake wana utenzi wao, buraanbur, unaosikika harusini. Panapotumika pampu, wimbo wa kuvuta maji hauna kazi, kwani injini haingojei kibwagizo. Hakuna atakayewataka watu warudi kwenye kamba na ndoo. Lakini wimbo unaweza kuandikwa na kurekodiwa wakati wenye kuujua wangali hai.

Kuhusu adabu, vaa nguo za heshima na toa salamu kwanza. Mzee mwite adeer, yaani ami, na mama mtu mzima mwite eeddo, yaani shangazi. Usipige picha bila idhini. Ukionyeshwa kazi, usiulize bei kabla hujauliza namna ilivyofanyika, na ukinunua, usipunguze bei ya miezi mitatu kama unayenunua nyanya. Kiongozi wako naye mpe ujira wake. Kabla ya kufunga safari, ulizia usalama na hali ya barabara, maana mvua ikinyesha njia hukatika.

Nanyi wanafunzi ambao nauli hairuhusu, hamkuachwa nyuma. Wengi wenu mna jirani au mwanafunzi mwenzenu ambaye nyanya yake aliwahi kufuma mkeka wa aqal. Mwombeni awaelekeze, mchore hatua kwa hatua, muandike majina ya miti kwa lugha yake. Hiyo ni kazi ya likizo yenye faida kuliko nyingi tunazowapa.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Habaswein bado kuna cha kuokota. Tukutane juma lijalo, inshallah.