Kukata Bei na Kupatana Bei



Juma lililopita binti yangu alirejea kutoka skuli na daftari lake la Kiingereza, akaniuliza: "Mama, 'haggle' maana yake nini?" Nikamjibu bila ya kufikiri: "Ni kupatana bei, kama nifanyavyo mimi Marikiti." Akaandika, akaondoka zake. Mimi nikabaki na neno lile, kwa kuwa lilinigusa penye kidonda ambacho habari yake nitaieleza hapo mbele. Nikafungua kamusi, na niliyoyakuta ndiyo niwaleteayo leo katika safu yetu ya maneno na asili zake.

Asili ya neno hilo si sokoni. Limetokana na kitenzi "hag", kilichotumiwa kaskazini mwa Uingereza na Scotland kwa maana ya kukata au kutema kwa nguvu. Nacho kilitoka katika lugha ya watu wa kale wa Skandinavia, waliosema "höggva" kwa maana hiyo hiyo. Watu hao walianza kuzishambulia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8. Wengi wao wakalowea huko, na lugha yao ikakiachia Kiingereza maneno mengi ya nyumbani, yakiwemo yale ya yai, kisu na dirisha.

Kile kipande cha mwisho katika "haggle" huonyesha tendo linalorudiwarudiwa, kama nasi tunavyopata "katakata" kutokana na "kata". Kwa hiyo maana yake ya kwanza ilikuwa ni kukatakata ovyo, mfano wa mtu achinjaye kwa kisu butu. Shakespeare, katika tamthilia yake ya Henry V ya mwaka 1599, alilitumia kuueleza mwili wa Duke wa York ulivyochanjwachanjwa kwa majeraha katika vita vya Agincourt. Ni katika zama hizo hizo ndipo neno lilipoanza kutumika kwa watu wanaovutana juu ya bei. Wala si vigumu kuona njia lilikopita: mnunuzi hutema kipande cha bei, muuzaji akarudisha kidogo, mnunuzi akatema tena, mpaka mmoja achoke.

Neno hili lina ndugu yake, "higgle". Kutokana nalo Waingereza walimwita "higgler" mchuuzi aliyezunguka mashambani kukusanya mayai na kuku, akaenda kuviuza mjini. Adam Smith, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alilitumia neno hilo alipoeleza kuwa thamani ya kazi ya mtu haina mizani kamili, bali hukadiriwa katika mvutano wa sokoni. Na huko Jamaica mpaka leo "higgler" ni mwanamke auzaye mazao sokoni, yaani mwenziwe mama mboga wetu.

Waarabu nao wana kitenzi "mākasa", yaani kuvutana na mtu ili apunguze bei. Shina lake ndilo la neno "maks", ushuru uliokuwa ukitozwa wafanyabiashara sokoni. Hapa pia pana harufu ya kumpunguzia mtu kilicho chake. Lakini angalieni neno hili lilivyotumika katika kisa cha Jabir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, kilichopokewa na Bukhari na Muslim.

Jabir alikuwa kijana aliyefiwa na baba yake katika vita vya Uhud, akaachiwa ulezi wa ndugu zake wa kike. Walipokuwa safarini, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaka kumnunua ngamia wake. Wakapatana kwa wakia moja, kwa sharti Jabir ampande mpaka Madina. Walipofika, Jabir akamleta ngamia, akalipwa thamani yake, akageuka kwenda zake. Mara akaitwa tena. Mtume akamuuliza iwapo alidhani kuwa alivutana naye bei ili amchukulie ngamia wake, akamwambia achukue ngamia na fedha pia. Katika mapokezi ya Muslim, kitenzi kilichomo katika swali hilo ndicho hicho "mākasa".

Kwa hiyo kuomba kupunguziwa si aibu wala si haramu. Mafakihi wameyaita mauzo ya namna hiyo "musawama", nayo ni halali. Linalotakiwa ni ridhaa ya pande mbili, kama inavyofundisha Suratu n-Nisaa, aya ya 29.

Nalo neno letu la Kiswahili limeibeba ridhaa hiyo tumboni mwake. "Kupatana" ni pata na mwenziwe: mimi nimepata, nawe umepata. Ndilo neno tulitumialo kwa majirani wakaao kwa wema, na kwa mume na mke waliosuluhishwa. Kwa nini basi tuliseme kwa ulimi, huku mikono yetu ikitenda lile la Kiingereza?

Nami ni wa kwanza kujilaumu. Mwezi uliopita nilimkuta bibi mmoja kando ya barabara ana mkeka wa ukindu, akitaka shilingi 1,800. Nikamtajia 500. Akashuka, nikapanda kidogo, nikajifanya naondoka, nikarudi. Mwisho akaniambia: "Haya, chukua kwa 1,000, mwanangu. Jua linakuchwa, nami nauli sina." Nikalipa, nikaona nimeshinda. Kisha nikaingia katika duka kubwa nikanunua pazia, nikalipa bei iliyobandikwa bila ya kutia neno.

Usiku nilipoutandika mkeka ule, nilianza kuzihesabu kili zake. Kila mmoja umesukwa kwa vidole, baada ya ukindu kukatwa, kuanikwa na kutiwa rangi, kisha kili zote zikaunganishwa kwa sindano. Ni kazi ya siku nyingi. Bibi yule alikubali, lakini ni dhiki ya nauli iliyomkubalisha. Je, hapo tulipatana, au nilimkata?

Tangu hapo nimejiwekea desturi ndogo. Kabla ya kutaja bei yangu, hujiuliza ningetaka nilipwe ngapi lau kazi ile ningeifanya mimi. Nikiona muuzaji amezidisha, humwomba apunguze kwa maneno mazuri. Nikiona bei ni ya haki, hulipa. Na anionyeshapo dhiki yake, simwongezei kisu.

Nimekwenda mahali pale Ijumaa mbili, sijamwona bibi yule. Zile 800 nimezifunga katika kitambaa, zinamngoja. Na binti yangu nimemwambia alifungue tena daftari, aandike maana zote mbili za neno lile, kukatakata na kupatana, ili atakapoanza kwenda sokoni peke yake ajue analolifanya.

Allah atujaalie wepesi tununuapo na tuuzapo. Amin.