Siki na Jik Hazikai Choo Kimoja

NG'AMBO YETU, na Zuhura Mbwana

Vidokezo vya usafi wa nyumba tunavyotumiana kwenye simu vina kasoro moja: aliyeviandika ana mfereji unaotoa maji matamu kutwa kucha. Mlete Mtongwe au Mishomoroni wiki ambayo mabomba ya Tiwi na Baricho yamenuna, apewe ndoo ya maji ya kisima na mche wa sabuni, kisha tumsikie.

Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yanayopenya humo hutoka na chokaa, na kadiri kisima kinavyosogelea bahari ndivyo chumvi inavyozidi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu. Hushikana nayo ikawa utando wa kijivu, ule unaoganda kwenye beseni na kulifanya shati jeupe lionekane limefuliwa mtaroni. Watu huongeza sabuni, na utando ukaongezeka. Kwa maji ya kisima tumia sabuni ya unga au ya maji, ambayo haishindwi upesi hivyo. Mche uwekee maji matamu.

Na hayo maji matamu, yaliyokuja kwa mkokoteni ndani ya mtungi wa lita 20, usiyapigie deki. Vyombo vioshwe na kusuuzwa mara ya kwanza kwa maji ya kisima, halafu matamu yawe ya suuzo la mwisho, kwenye beseni safi, ukianza na glasi na kumalizia na masufuria. Yaliyobaki hapo ndiyo ya deki. Suuzo hilo la mwisho msilifanyie ubahili: visima vingi huku kwetu viko hatua chache tu kutoka shimo la choo, na sahani inayong'aa inaweza kumharisha mtoto. Kisha futa kwa kitambaa kikavu. Sufuria ya alumini ikilala na maji ya chumvi huliwa vitundu vitundu.

Shombo ya samaki kwenye ubao wa kukatia haitaki maji ya moto kwanza, maana huipika ile damu na utelezi ukagandia ndani ya mbao. Anza na maji ya baridi, fuata na chumvi na ganda la ndimu, umalizie kwa sabuni, kisha ubao uanikwe juani. Masizi nayo yana dawa ya zamani ambayo sijaona waya wa dukani ulioishinda: sufuria hupakwa nje majivu yaliyokorogwa kwa maji kabla ya kutelekwa kwenye kuni. Baada ya kupika, dodoki au kumbi la nazi linatosha. Waya hula sufuria, lakini mabinti wetu wanaupenda kwa sababu una kelele ya kazi.

Changamwe wana lao, vumbi la malori. Nyumba hiyo usiifagie kavu; utalihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda kwenye bakuli la maziwa. Nyunyiza maji kwanza, au futa kwa tambara bichi. Jirani zao wa Owino Uhuru, Mikindani, walijua kwa uchungu kwamba vumbi linaweza kuwa zaidi ya uchafu, pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipowamwagia risasi, madini yale yenye sumu, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na ilipofutwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hiyo ilikuwa sumu waliyoletewa mlangoni. Ipo nyingine tunayojitengenezea wenyewe, ndani ya choo, siku ya usafi mkubwa.

Inaanza hivi. Chokaa ya maji huganda kwenye birika, kwenye bomba la kuogea na juu ya vigae. Dawa yake ni kitu kichachu: siki, ndimu, au ukwaju, ule ule uliong'arisha sinia za shaba za bibi zetu. Wengine hununua dawa ya choo yenye asidi kali. Kusi nayo ikiingia na mvua za Aprili na Mei, ukungu mweusi unapanda pembe za bafu, na dawa yake ni Jik, ile dawa ya klorini. Kwa hiyo kile choo chetu cha futi chache, kisicho na dirisha ila tundu, kinamwagiwa zote mbili kwa pamoja, kwa imani kwamba dawa mbili zitashinda moja.

Zikikutana, hutoa gesi ya klorini. Ndiyo ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia dhidi ya mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ya chooni ni kidogo sana, lakini na chumba nacho ni kidogo. Macho huwaka, kifua hubana, na mwenye pumu anaweza kuamkia wodini. Jik juu ya mkojo nayo hutoa hewa kali ya aina yake, ndiyo maana choo humwagiwa maji kwanza. Ukisikia harufu inakukaba, toka, acha mlango wazi, na kazi usirudi kuimalizia.

Siki iwe na siku yake na Jik siku yake, katikati yake maji mengi. Tena Jik ikikuta mafuta na uchafu, nguvu yake huishia hapo. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake Jik iliyochanganywa na maji ya baridi, uiache dakika kumi. Uliyoichanganya jana imeshapungua nguvu. Imwage.

Kinachonikera kuliko yote ni chupa. Dawa ya kupima, yaani ile ya usafi inayopimwa dukani, inauzwa ndani ya chupa ya soda, inawekwa chini ya meza jikoni, pembeni ya mafuta ya taa yaliyomo ndani ya chupa kama hiyo hiyo. Mtoto ana kiu na hajui kusoma. Akinywa, msimtapishe, kwa maana kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Mkimbizeni hospitali na ile chupa mkononi. Na kesi ikiwa kubwa, mtu wa Likoni bado ana feri ya kuvuka kabla ya kuifikia Hospitali Kuu ya Pwani.

Wenye maduka ya Likoni, Kisauni na Changamwe, nawaomba: mteja akija na chupa ya soda kununua dawa ya kupima, mrudisheni akalete chombo kingine kilichoandikwa kilichomo. Anakaa mtaa huo huo, atarudi.