Nimehama Mapema, Sawa. Lakini Dipoziti Bado ni Yangu

Tarehe 30 Aprili mwaka jana, saa mbili asubuhi, tuktuk ya mizigo ilikuwa imesimama nje ya ploti niliyokuwa nakaa Mlaleo, Kisauni. Godoro lishafungwa kamba, meko ya gesi chini, feni juu. Nikamfuata mzee mwenye nyumba barazani kwake, nikamwamkia, nikamkabidhi funguo. Halafu nikauliza lile swali ambalo mpangaji wa Mombasa hujua jibu lake kabla hajauliza: "Mzee, na ile dipoziti?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemwambia mtoto kwamba peremende zimeisha. "Mwanangu, dipoziti ndiyo rangi hiyo. Na tena hukunipa notisi."

Sh6,500. Kwa wengine ni pesa ya wikendi moja. Kwangu haikuwa hata yangu. Mama aliikopa kwenye chama chake nilipotoka nyumbani kwenda kujitegemea, baada ya karo kukwama na mimi kuacha koleji mwaka wa pili. Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku nikihama, pesa inarudi kwake.

Kwa nini nilihama haraka? Kazi. Nilipata kibarua kwenye godauni moja Changamwe, kuingia ni saa kumi na mbili alfajiri. Kutoka Mlaleo ni matatu mbili na giza totoro. Wiki ya kwanza nilichelewa mara mbili, nikaambiwa ya tatu nisije. Sasa we ungefanyaje? Nikatafuta bedsita Magongo. Tarehe 18 Aprili nikamwandikia mzee ujumbe kwamba natoka mwisho wa mwezi. Siku 12. Karatasi tuliyosaini ilisema notisi ni mwezi mmoja.

Hapo nakubali, nilikosea. Hata bila ile karatasi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema ukipanga kwa mwezi bila muda maalum, anayetaka kuvunja mpango atoe notisi isiyopungua huo mwezi. Inambana mpangaji, inambana na mwenye nyumba. Kwa hivyo usidanganywe na mabeshte kwamba ukishalipa kodi ya mwezi unaweza kuamka tu ukahama.

Lakini tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kitu ambacho hatufanyagi. Kodi ya Aprili nilikuwa nishalipa. Notisi yangu ingeisha tarehe 18 Mei. Siku ambazo sikulipia ni 18. Sh6,500 ukigawanya kwa siku 31 ni kama Sh210 kwa siku. Mara 18 ni Sh3,780. Hata mzee angenikaba mpaka siku ya mwisho, bado angenirudishia Sh2,720. Hakunirudishia hata ya nauli.

Na hiyo ni hesabu ya kukabwa. Chumba hakikukaa tupu siku 18. Tarehe 3 Mei kijana mwingine alikuwa ashaingia, nilimjua kupitia jirani yangu wa zamani. Ina maana hasara ya kweli ya mzee ni siku mbili, Sh420. Siku zile nyingine analipwa kodi na mpangaji mpya, halafu azitoze tena kwenye dipoziti yangu? Usiku mmoja hauwezi kulipiwa mara mbili.

Na rangi je? Nilimuuliza yule kijana. Akacheka. Aliingia akakuta ukuta ule ule, chumvi ile ile imetoka pembeni mwa choo. Hakuna brashi iliyogusa pale. Na yeye ametoa Sh6,500 za dipoziti. Yaani chumba kimoja sasa kina dipoziti mbili, na rangi bado ni ya zamani.

Hili la rangi ndilo linaniudhi zaidi. Sisi tunakaa Pwani. Ukuta wa Pwani hutoka chumvi hata ukiulalia mbali. Ukikaa mwaka na miezi miwili, rangi itafifia, hiyo ndiyo maana ya kuishi ndani ya nyumba. Kodi ndiyo inayolipia uchakavu huo. Dipoziti ni ya vitu ulivyoharibu wewe: sinki ulilolipasua, kufuli ulilolivunja, bili ya maji uliyoiacha. Mkataba unaposema tu "itarudishwa baada ya ukarabati" bila kusema ukarabati gani, jua umesaini hundi tupu.

Sasa, tusijifanye malaika. Wapangaji nasi tuna mchezo wetu, ule wa "kumalizia dipoziti". Mwezi wa mwisho hulipi kodi, unamwambia keateka akate huko, halafu unaondoka na bili za maji na mlango uliong'oka. Wengine huhama usiku kabisa, mchana jirani anakuta pazia tu. Si kila mwenye nyumba ana gorofa. Kuna mama Likoni ana vyumba vinne nyuma ya nyumba yake na hivyo ndivyo vinavyomlisha. Akishachezwa hivyo mara mbili, wa tatu atakayekuja kwa heshima zake ndiye atakayelipia dhambi za wenzake.

Ila ukweli ambao wenye nyumba hawasemi ni huu: mara nyingi pesa haipo. Ilishanunua mabati au kulipa karo siku ile ile uliyoitoa. Ndio maana lazima kosa litafutwe ukutani. Nami nasema kama umeitumia, ni wewe umekopa. Mkopaji hamtafutii makosa aliyemkopesha.

Tukimbilie wapi basi? Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, na ina baraza lake la kusikiza kesi, lakini inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Niambie ni bedsita gani Bamburi au Mikindani inapatikana kwa hiyo. Mwaka 2021 ulipelekwa mswada bungeni wa kuunganisha sheria za wapangaji wa nyumba na wa biashara, ukaishia njiani. Kwa hivyo vijana wengi wa mainland tunaishi kwenye pengo: nyumba zetu ni ghali mno kwa sheria ya zamani, na sheria mpya haijafika.

Lakini tuna Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na dai la pesa yako iliyoshikiliwa na mtu mwingine ni kati ya yale sheria imeiruhusu kusikiza. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu ufungue kesi. Kabla ya kulipa ada, ongea na karani wa pale, umwonyeshe ulichonacho.

Na ulichonacho ndio kila kitu. Lipa dipoziti kwa M-Pesa, usitoe pesa mkononi, na ujumbe usiufute. Siku ya kuingia, piga picha kila ukuta, sinki, dirisha, soketi, kisha umtumie mwenye nyumba hapo hapo ili tarehe ibaki. Siku ya kutoka, rudia, mkiwa pamoja. Notisi iandike, hata kama ni mzee unayemheshimu kama babako. Heshima haizuii maandishi. Kama umesaini mkataba wa mwaka mzima, soma kwanza unasemaje kuhusu kutoka kabla ya wakati, kwa sababu hapo anaweza kukudai zaidi ya mwezi mmoja. Na kama lazima utoke haraka, mtafutie mtu wa kuingia. Chumba kikijaa, hoja yake ya hasara imepungua.

Mimi picha za kuingia sikupiga. Nina ujumbe wa M-Pesa, nina notisi yangu fupi, na nina kijana mmoja aliyekubali kusema chumba alikikuta vipi. Wiki iliyopita nilimwandikia mzee barua ya adabu: kata Sh420 zako, nirudishie Sh6,080, nakupa siku 14. Amejibu kwa neno moja, "Sawa", ambalo kwa mtu wa Mombasa linaweza kumaanisha lolote.

Kuna watakaosema Sh6,000 si pesa ya kwenda mahakamani, niachie Mungu. Mungu sijamwacha. Lakini Mama bado analipa chama kila Jumamosi kwa ajili ya chumba ambacho mwanawe hakai tena. Siku 14 zikiisha, nitaomba ruhusa nusu siku kazini, nivuke Kibarani, niende nikafungue kesi.